Kumi na Mbili, Umetulia

Burhani amelileta likivutwa kwa kamba,
Mark II nyeupe, eksozi pana kama sufuria ya shughuli,
kutoka Mbezi hadi Mabibo, mvua ikinyesha,
na kabla hajafunga mlango ameshaanza kulalamika:
plagi mpya, koili mpya, nozeli zimeoshwa mara mbili,
fundi wa Tabata kabadilisha, wa Sinza kabadilisha,
laki nane zimekwenda
na bado moshi mweusi, bado linakunywa kama jenereta ya harusi,
bado linazima kwenye taa za Shekilango
mbele ya watu aliotaka wamsikie akipita.

Wote wamebadilisha, nikasema. Nani amepima?

Akanitazama. Kisha akatazama nyuma yangu,
akimtafuta fundi.

Fundi ndiye mimi, Sikudhani. Na geji hizi mbili ni zangu,
moja ya ombwe, moja ya presha ya mafuta,
za mtumba, nilizipata Shaurimoyo, kioo kimoja kina ufa,
hazijanidanganya
zaidi ya mara moja.

Nikaliwasha, nikaliacha.
Burhani ananisukuma kwa macho. Ngoja, nikamwambia.
Mama akienda kupimwa presha pale Amana
nesi humkalisha kwanza, dakika tano, asiongee.
Injini nayo huulizwa ikishapata moto,
la sivyo itakujibu baridi ya usiku.

Nikachomeka mpira. Mshale ukapanda,
ukafika kumi na mbili, ukakaa,
ukicheza kidogo tu, kama kope.

"Umeona!" akaruka. "Ya Chande inasoma kumi na nane!
Kuna mahali inavuta hewa. Gasketi hiyo."

Nikapuliza dawa kwenye viungo, mpira kwa mpira,
injini haikushtuka.
Umeweka kamshafti?
Akatabasamu, mara ya kwanza tangu afike. Kali, akasema.

Basi hiyo ndiyo kumi na mbili yako.
Valvu zinafunguka mapema, zinachelewa kufunga,
hewa mpya inabisha hodi ile ya zamani haijaaga.
Umelinunulia pumzi ya mbio,
usilidai livute kama lililolala.
Geji haitoi maksi za darasani.

Akanyamaza. Hakuamini, lakini akanyamaza.

Ya pili nikaifunga kwenye reli ya nozeli.
Hapa ndipo pumzi na mafuta vinapojuana:
regiuleta husikiliza ombwe kwa mpira mwembamba,
injini ikivuta, yeye hulegeza,
ukimchomolea mpira, presha inatakiwa ipande.

Nikauchomoa.
Presha ikajikongoja, ikaishia njiani.
Nikauleta mpira puani.
Nikampa naye anuse.

Petroli.

Kwenye mpira wa hewa, mpira usiopaswa kujua mafuta yana ladha gani.
Utando ndani umechanika, hauzidi upana wa shilingi mia,
na mafuta yanapitia mlango wa uani
nozeli hazina habari.
Walioziosha waliosha wasio na kosa.

Regiuleta hiyo gari lilitoka nayo kiwandani.
Umebadilisha rimu, usukani, viti, taa,
hii hukuigusa, Burhani,
maana hakuna anayefungua boneti kijiweni
kuwaringia wenzake regiuleta.

Akacheka kidogo, kwa uchungu wa laki nane.

Jioni mpya imeshafungwa, moshi umekata,
linanguruma pale pale kwa kusitasita kwake,
akarudi kuinamia kioo chenye ufa.
"Na hii kumi na mbili? Huwezi kuipandisha?
Hata kumi na tano tu, Sikudhani."

Mvua imeanza tena juu ya mabati.
Nikafuta mikono, nikatoa daftari
ninamoandika magari siku yakiwa mazima,
ili yakiumwa nijue yalikuwa nani.

Mark II nyeupe, ya Burhani. Mpira mkavu.
Kumi na mbili, umetulia.